Mzee Asiyeitikia Salamu

Tangu usichana wake Elieth alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kule Mpwapwa. Alizoea kuketi pembeni, akiandika hukumu zilizotoka vinywani mwa wengine. Mwaka ule simu za mkononi zilipoanza kuonekana mjini Dodoma, alichaguliwa kusomea uhakimu. Sasa kati yake na kiti cha hakimu palibaki jaribio moja: kofia.

Ilikuwa juu ya meza, katika ukumbi wa kukodi mtaa wa Kikuyu pale Dodoma, nyeusi, nzito, waya wake mnene umeingia kwenye kompyuta. Wafadhili wa mafunzo ndio walioileta. Ukiivaa, ukumbi unapotea. Unajikuta umeketi mahakamani, na kokote ugeuzako shingo kuna watu wa picha wanakutazama.

"Atakayeivua kabla ya kusoma hukumu," alisema mkufunzi wao, Bwana Cornel, "atarudi kwenye ukarani wake."

"Dada Elieth," Athuman wa Kondoa alimnong'oneza, "ukikutana na shetani humo, mpe dhamana upesi utoke."

Wanafunzi wenzake wakacheka. Elieth naye alicheka.

Akavishwa. Giza, kisha mwanga. Kizimbani alisimama mzee mwenye fimbo, shuka begani kama wazee wa kwao, ameshtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Akainua uso. Kabla Elieth hajakumbuka kwamba yeye ndiye hakimu, maneno yalikwisha kumtoka:

"Shikamoo, baba."

Nje ya kofia alisikia vicheko. Ndani, mzee hakuitikia.

Waliomchora hawakumpa neno la kujibu. Elieth alilijua hilo. Lakini maishani mwake hakuwahi kuona mzee akisalimiwa akanyamaza, ila mwenye kinyongo, au yule aliyelazwa mkekani amefunikwa uso. Na macho yale hayakupepesa. Jasho lilimteremka mgongoni. Mikono yake ikapanda yenyewe hadi kwenye mkanda wa kofia.

"Unavua, mama?" Sauti ya Bwana Cornel ilitoka mbali, kama ya mtu aitaye kutoka kisimani.

Elieth alikiona kile kiti chake cha pembeni, na uzee ukimkuta pale pale, akiandika ya wengine. Akashusha mikono. Akawasikiliza mashahidi. Ngozi ya mbuzi ilikutwa chini ya kitanda cha mzee. Ushahidi haukuwa na mwanya.

"Mahakama inakuona una hatia," alisema. "Utakwenda jela mwaka mmoja."

Mzee hakulia, hakulaani, hakuomba huruma. Alimtazama vilevile, mpaka Bwana Cornel alipomvua ile kofia.

"Hongera, mheshimiwa hakimu! Kituo chako ni Mpwapwa, nyumbani kabisa."

"Ondoa hofu basi," Athuman akamtania. "Wazee wa kwenu wataitikia."

Elieth alifumba macho. Aliwaona wajomba na baba zake wadogo wakipanda kizimbani mmoja mmoja, wakimwitikia kwa upendo, kisha wakisimama kimya kungoja hukumu.