Kitufe cha Tangi la Katikati

Kazini walimwita Koleo, na hakuna aliyekumbuka nani alilianza jina hilo. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Baba yake alikuwa fundi redio, na yeye alikulia chini ya meza ya kazi ya baba, kati ya spika zilizopasuka na harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka. Kwenye chuo cha marubani aliitwa miaka kumi na mitano iliyopita kutengeneza kiyoyozi cha chumba cha kompyuta. Alikitengeneza, akauliza maswali, kesho yake akarudi kuuliza mengine. Hajaondoka hadi leo.

Mashine anayoitunza huitwa simuleta. Ni chumba cha rubani cha ndege kubwa ya abiria, kamili na viti, usukani na vitufe vyake vyote, ndani ya sanduku jeupe lenye ukubwa wa nyumba ndogo lililosimama juu ya miguu sita ya chuma. Miguu ikianza kucheza, aliye ndani anaweza kuapa kwamba yuko angani. Marubani huletewa humo balaa ambazo hakuna mwenye akili angezijaribu na abiria wamekaa nyuma.

Jumanne moja, saa tano asubuhi, mlango wa sanduku ulifunguliwa akatoka rubani mmoja, shati limemganda mgongoni. Alikuwa akitafuta ukapteni. Mara ya kwanza alianguka. Hii ilikuwa ya pili, na ya tatu haikuwepo. Alimpita Koleo bila salamu, akaenda kusimama dirishani. Nyuma yake alitoka mtahini, kapteni mstaafu mwenye mvi.

"Mashine yako nzima kabisa, Fundi," mtahini alisema. "Mtu ndiye aliyeharibika."

"Kulikuwa na nini, Kapteni?"

"Mafuta."

Ndege ile hubeba mafuta kwenye mabawa mawili na kwenye tangi la katikati, tumboni. Ya tumboni huhamia mabawani yenyewe, taratibu, safari ikiendelea. Mtahini alikuwa amempandikizia rubani hitilafu moja: mafuta yasihame yenyewe. Dawa yake ni kitufe kilicho juu ya kichwa cha rubani. Ukikibonyeza, taa yake inawaka na mafuta yanahama kwa amri yako.

"Kumbukumbu ya kompyuta hii hapa," mtahini alisema, akionyesha karatasi. "Kimewashwa, kimezimwa. Kimewashwa, kimezimwa. Mara tatu! Kama mtoto anayechezea taa ya sebuleni. Mabawa yanakaribia kukauka na tani nane zimekaa tumboni. Nikasimamisha jaribio."

Rubani aligeuka kutoka dirishani. "Sikukizima, Mzee."

"Basi kilizimwa na nani? Na shetani?"

Rubani alitazama kidole chake cha shahada, kama mtu aliyeanza kukishuku. "Labda," alisema polepole. "Sijui. Labda nilikigusa."

Neno hilo ndilo lililomchoma Koleo. Paneli ile ya juu, yenye kitufe kile, yeye ndiye aliyeibadilisha Alhamisi iliyopita.

Mtahini alikuwa anaondoka saa tisa, na ripoti angeisaini kabla ya kuondoka. Koleo aliingia kwenye sanduku peke yake, akaketi kiti cha kushoto, akawasha kila kitu isipokuwa miguu. Akabonyeza kitufe. Taa ikawaka, na kwenye skrini namba za tumboni zikaanza kushuka, za mabawani kupanda. Akazima, akarudia mara tano. Kitufe kilitii kama askari.

Angeweza kushuka na kusema mashine ni nzima. Badala yake alienda ofisini, akafungua jalada la matengenezo. Alhamisi: paneli ya juu imebadilishwa. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: *Imejaribiwa miguu ikicheza.* Pembeni palikuwa na alama ya vema, na saini yake.

Hakuijaribu miguu ikicheza. Siku ile marubani wa zamu iliyofuata walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja anatazama saa, meneja anapiga simu kuuliza kama bado. Akaweka vema, akasema moyoni kwamba plagi ni ile ile aliyoifunga mara mia.

Saa saba na nusu alimkuta mtahini na meneja wakinywa chai.

"Kapteni, naomba nusu saa. Uirushe mwenyewe, miguu ikicheza."

"Si umeshaipima?" meneja aliuliza.

"Nimeipima ikiwa imesimama."

Mtahini alitazama saa, akatazama kikombe chake. "Nusu saa, dada. Isizidi hata dakika."

Walipanda, wakafunga mikanda, mtahini kiti cha kushoto, Koleo kiti cha nyuma, penye kompyuta ya kuleta hitilafu. Sanduku likanyanyuka. Mtahini alibonyeza kitufe, taa ikawaka. Koleo akaleta misukosuko ya hewa. Viti vilitetema, kalamu ikadondoka, taa haikupepesa. Akaongeza. Meno yaligongana. Taa iliendelea kuwaka. Dakika kumi zikapita, kumi na tano, ishirini.

"Koleo," sauti ya meneja ilisikika kwenye spika. "Tumalize."

"Fundi, huruma ni kitu kizuri," mtahini alisema bila kugeuka, "lakini huwezi kumpa mtu ukapteni kwa huruma."

Jasho lilimtiririka Koleo hadi kwenye miwani. Kulikuwa na nini asubuhi ambacho sasa hakipo? Misukosuko ni ile ile, uzito ni ule ule.

"Kapteni, hebu kumbuka. Ulimpa upepo?"

"Nilimpa. Upepo wa ubavuni."

"Kutoka wapi?"

"Kulia. Wa nguvu, wa kupiga na kuacha."

Koleo aliuweka. Dhoruba ya kwanza iliwapiga, sanduku likatupwa kushoto. Hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu ikaja kwa kishindo, mtahini akaushika usukani kwa mikono yote miwili, na juu ya kichwa chake taa ikazimika.

"Nani amezima?" mtahini aling'aka.

Mtahini aliitazama mikono yake mwenyewe, miwili, imeng'ang'ania usukani. Kwenye skrini kompyuta ilikuwa imeandika: *Kimezimwa.*

Koleo aliposhusha sanduku na kufungua paneli, aliona mara moja. Ndani ya plagi, pini moja ilikuwa imerudi nyuma kwa unene wa ukucha. Mashine ikitulia, pini iligusa. Ikitupwa kushoto kwa nguvu iliachia, nusu sekunde tu, na kompyuta ikahesabu kwamba rubani amezima.

Meneja alipumua kwa nguvu. "Basi imeeleweka. Vyombo huchakaa, si kosa la mtu. Tutaandika hivyo."

"Kabisa," mtahini alisema. "Jaribio limefutwa, atarudia."

Mlango ulikuwa wazi mbele ya Koleo, wa kupita bila hata kuinama.

"Haijachakaa," alisema. "Ina siku tano. Niliifunga mimi, na niliandika nimeijaribu miguu ikicheza. Sikuijaribu."

"Koleo, unajipalia makaa," meneja alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

Jioni, mumewe, fundi cherehani, alimsikiliza huku ameshika suruali ya mteja mapajani. Kwa miezi mitatu Koleo asingeruhusiwa kusaini kazi yoyote; kazi zake zingesainiwa na fundi ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Kulikuwa na barua ya onyo, yenye muhuri.

"Mkweli hana rafiki, Mama watoto," mumewe alisema. "Bahati yako una mume."

Koleo alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaenda kuosha vyombo.

Rubani alirudia jaribio Alhamisi, akafaulu. Baadaye alikuja karakana, akasimama mlangoni.

"Hiyo pini iko wapi?"

Koleo alimpa. Rubani aliigeuza kiganjani muda mrefu.

"Mke wangu nilishampigia," alisema. "Nilimwambia nimekizima mwenyewe. Nilishaamini, unaelewa? Nilikuwa nakiona kidole changu kikizima."

"Nisamehe, kaka."

"Sijui kama nimeshakusamehe." Akairudisha pini mezani. "Lakini asante."

Alipoondoka, Koleo alibaki na wazo ambalo halikumpa nafasi ya kukaa. Alhamisi hadi Jumanne zilikuwa siku tano. Wangapi wengine walipita kwenye kiti kile? Alivuta orodha: marubani kumi na wawili. Alisoma kumbukumbu zao mstari kwa mstari, siku mbili nzima, chai ikipoa kando. Kumi na mmoja hawakuwa na shida. Wa kumi na mbili, mwanamke aliyefanya jaribio Jumamosi, alikuwa ameandikiwa: *Anasitasita kwenye mafuta. Arudishwe darasani mwezi mmoja.* Kitufe chake kilikuwa kimejizima mara mbili.

Koleo alipeleka karatasi kwa meneja. Meneja alizisoma, akashika kichwa, akasema wapeleke barua rasmi wiki ijayo.

"Wiki nzima aendelee kujiona mjinga?"

Meneja alimtazama, kisha akamsogezea simu ya mezani.

Iliita mara nne. "Haloo?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Habari za mchana, dada. Mimi ni fundi wa simuleta pale chuoni. Ni kuhusu jaribio lako la Jumamosi. Una dakika chache? Keti kwanza."