Anayeogopa uji kuliko kisu

Saa moja asubuhi, wodi ya wanaume. Mwanamke mwenye kofia ya kijani ya chumba cha upasuaji anavuta kigoda, anakaa usawa wa mto wa mgonjwa na kufungua faili. Swali la kwanza kwenye fomu ni neno moja: Umekula? Analikata kwa kalamu, kama anavyolikata kila siku, kisha anauliza lake.

"Fundi, kitu cha mwisho kupita hapa kooni kilikuwa nini, na saa ngapi?"

Mgonjwa, seremala wa miaka hamsini na mbili anayesubiri kupasuliwa ngiri, anamtazama mkewe. Mke anatazama dirisha.

"Uji tu. Saa kumi na moja alfajiri."

"Muuguzi alipokuuliza, ulisema hujala."

"Sasa dada, uji unaliwa? Si unanywewa!"

Vitanda vya jirani vinaangua kicheko. Hata mwenye faili anacheka, lakini kalamu bado iko hewani. "Wa maji au wa maziwa?"

"Wa maziwa," mke anajibu kwa sauti ndogo. "Na siagi kijiko kimoja. Nilimwonea huruma. Mtu akakatwe na njaa?"

Wodi nzima humwita Mama Usingizi. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na minne amekuwa akiwapa wagonjwa nusukaputi, dawa inayomlaza mtu asisikie kisu. Hospitali ina wataalamu wawili tu wa kazi hiyo. Siku za upasuaji, kila mmoja hulaza wagonjwa watano au sita.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kulaza," anasema. "Kulaza ni dakika mbili. Kazi ni kuuliza."

Huuliza habari za presha, pumu, sigara, dawa za mitishamba, jino linalocheza, ndugu aliyewahi kuchelewa kuzinduka. Akifika kwenye meno ya bandia, huwatoa kwanza ndugu nje, tangu alipogundua kuwa wapo wake wenye meno hayo ambao waume zao hawajui.

Lakini tumbo ndilo analolikazania. Mtu akilala usingizi wake wa kawaida, koo hubaki macho. Dawa hulaza na koo pia. Kilichomo tumboni kikipanda, hakuna wa kukizuia kisiingie mapafuni.

Alilijua hilo darasani, akalielewa kazini. Katika mwaka wake wa tatu, mama mmoja kijana alimwambia hajala, kumbe amekunywa chai ya maziwa vikombe viwili. Chai ile ilipanda. Mama yule alikaa kwenye oksijeni siku tisa ndipo akapona.

"Hakunidanganya," anasema Mama Usingizi. "Mimi ndiye niliyemuuliza kwa neno bovu."

Seremala hana muda wa hadithi. Mara ya kwanza aliahirishwa kwa sababu mitungi ya oksijeni ilikuwa imekwisha. Miezi minne sasa hawezi kuinua ubao, na daktari mpasuaji huja mara mbili tu kwa mwezi, huondoka saa tisa.

"Dada, nilaze hivyo hivyo. Hiyo nusukaputi, nusu nipe, nusu baki nayo."

"Nusu ninayobaki nayo ndiyo roho yako, kaka. Siichezei bahati nasibu."

Anahesabu kwa vidole. Uji wenye siagi anaupa saa nane kamili kushuka, yaani hadi saa saba mchana. Seremala alipangwa wa kwanza, basi awe wa mwisho. Anakwenda kumkabili daktari.

"Yaani Mama Usingizi, unaogopa kikombe cha uji?"

"Nakiogopa kuliko kisu chako, daktari. Kisu nakiona."

Daktari anaguna, anatazama saa, kisha anaipindua orodha juu chini.

Saa saba na robo seremala anaingizwa. Saa nane na nusu anafumbua macho, anakohoa, anatazama taa za dari kwa hasira.

"Mmeniahirisha tena?"

"Tumeshashona, kaka. Tulia."

Mama Usingizi ameiandikia ofisi mara mbili kuomba fomu ibadilishwe, na ameahidiwa kwamba toleo lijalo litakuwa na swali lake. Hangoji toleo. Kuanzia Jumatatu atakutana na wapishi wa wagonjwa, wake, dada na mama zao, jioni ya kuamkia siku ya upasuaji. "Mgonjwa ninaye kitandani," anasema. "Sufuria iko kwa mwingine."

Wa kwanza wa kumsaidia amempata hapo hapo korido, ambako mke wa seremala anapangusa machozi kwa ncha ya khanga.

"Jumatatu saa ngapi, wifi?"

"Saa kumi jioni."

"Basi niwekee kiti cha mbele, niwageukie wenzangu. Nina la kuwaambia."