Sura Ndani ya Kochi

Mwana wa mhunzi asiposana huvuta kivukuto, na binti wa fundi makochi asiposhona ataokota vipande vya sponji chini ya meza. Kibiriti alianza hivyo hivyo. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu mtoto alikuwa mwembamba, mwepesi, na ukimgusa tu anawaka. Mikono yake haikujua kutulia. Ikikosa sindano ilishika mkasi, ikikosa mkasi ilishika penseli bapa ya seremala, na ikishika penseli hapakuwa na ubao uliosalimika pale karakana.

Baba mwingine angemfinya masikio. Huyu alikuwa na akili zake. Kochi, kwa asiyejua, lina nje na ndani. Nje ni kitambaa na vifungo. Ndani ni mbao, mikanda, magunia, na ile hadibodi, ubao mwembamba wa mgongoni ambao hauonwi na mtu mpaka kochi lichakae. Basi mzee alimsimamisha mwanawe mbele ya hadibodi tupu akamwambia, "Chora humo. Ukikosea, tunafunika. Ukipatia, tunafunika pia. Nani atakucheka?"

Hiyo ndiyo shule ya kuchora aliyosoma, na hakuwahi kusoma nyingine. Alichora paka wa jirani, cherehani, viatu vya wateja. Hakujua kuacha. Alifuta na kurudia, akafuta tena, mpaka baba yake asimame nyuma yake na kitambaa mikononi.

"Haya, weka penseli chini."

"Bado mkia, baba."

"Mkia utaota wenyewe."

Kisha nyundo inalia, ko ko ko, na paka anabaki gizani bila mkia. Nusu ya watu wa mji ule waliegemea picha za Kibiriti huku wakinywa chai, wala hawakuwa na habari.

Miaka ikapita. Kibiriti akaolewa, akawa fundi kamili, na kiharusi kikampiga baba yake. Kilimwachia mguu mzito, mkono mmoja usiotii, na mdomo ulioshuka upande wa kushoto. Karakana ikawa ya binti. Mzee akawa anakuja kila asubuhi na fimbo yake, anakaa mlangoni na kukosoa mishono ya watu.

Nyumbani, familia nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa picha. Mumewe, mwoka mikate, alikuwa akirudi na mifuko ya karatasi ya unga, anaipasua, anaikung'uta, anaipiga pasi kwa uangalifu kuliko mashati yake mwenyewe, halafu anamwekea mkewe mezani. Mama yake Kibiriti ndiye aliyebandika ukutani kila kilichochorwa, kingine juu chini, na ole wake mgeni aliyeingia asisifu.

Tatizo lilikuwa moja. Picha zote zilikuwa za viti. Makochi, stuli, viti vya miguu mitatu, na vyote vitupu. Sebule ilifanana na zahanati siku ya mgomo.

"Viti vizuri sana, mwanangu," mama alisema kila baada ya siku chache. "Lakini wenyewe wameenda wapi?"

"Watakuja, mama."

"Watakuja lini? Mchore baba yako basi. Si tunaye? Au unangoja tusiwe naye?"

Maneno hayo yalimkata maini. Kibiriti alikaa mbele ya karatasi, akachora mgongo wa kiti cha baba, akainuka kunywa maji. Akarudi, akachora mkono wa kiti, akainuka kufagia. Akapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Mumewe alimtazama akizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akamwuliza kwa upole, "Mke wangu, unachora au unafanya usafi?" Kibiriti akamjibu kwa ukali asioustahili, kisha akaona haya.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Kibiriti alikuwa na lake alilolificha. Uso wa mwisho aliouchora ulikuwa wa baba yake. Aliuchora kwenye hadibodi ya kochi la kijani la watu watatu, mali ya nesi mmoja wa mtaa wa pili, mzee akiwa amepiga magoti mbele yake anakaza mikanda. Macho yalikuja. Pua ilikuja. Mdomo ukagoma. Ulikwenda upande. Akaufuta, akauchora, ukaenda upande tena. Alifuta mpaka hadibodi ikaota manyoya. Siku hiyo nesi alikuwa mlangoni akilalamika kwamba amecheleweshewa kochi lake, kwa hiyo mzee alikuja mbio na kitambaa, akafunika na kupigilia bila hata kuangalia. Miezi michache baadaye kiharusi kikaja, na mdomo wa baba ukaenda upande.

Kibiriti hakumwambia mtu. Alikuwa mtu mzima, mke wa mtu, na alijua vizuri kabisa kwamba penseli haileti kiharusi. Hata hivyo tangu siku ile hakuthubutu kuchora uso wa kiumbe yeyote. Je, kama angechora mkono, ukapooza? Je, kama angemchora mama na kukosea jicho? Kiti hakiugui. Akabaki na viti.

Sasa siku moja mkokoteni ukasimama mbele ya karakana, na juu yake kochi la kijani, limefubaa, limetoka sponji pembeni kama mtu aliyetoa ulimi.

"Fundi," alisema yule nesi, "nibadilishie kitambaa. Hiki kimechoka kuliko mimi."

Kibiriti alilisukuma kochi kwenye kona ya mbali, akalirundikia sponji juu. Nesi alipokuja kuuliza akaambiwa kitambaa hakijafika. Kilikuwa kimefika, kimekunjwa kwenye rafu, kila mtu anakiona. Kibiriti alichukua kazi nyingine, ndogo ndogo, za kipuuzi, matakia ya baiskeli, stuli ya kinyozi. Alishona huku akitupia jicho ile kona. Alijidunga sindano mara nyingi kuliko alipokuwa mwanafunzi.

Mzee pale mlangoni mguu ulikuwa mzito, macho hayakuwa mazito.

"Lile la kijani limekukosea nini?"

"Zamu yake haijafika, baba."

"Mh," mzee akasema.

Asubuhi moja Kibiriti alikwenda kununua uzi na vifungo. Aliporudi alisikia sauti anayoijua tangu utotoni, sauti ya misumari midogo ikitoka kwenye mbao, kwii, kwii. Alitupa mfuko akakimbia. Kochi la kijani lilikuwa katikati ya karakana. Mumewe, aliyeitwa na mzee, unga bado nyusini, alikuwa amelishikilia lisitikisike. Mama yake alikuwa na kopo la kuwekea misumari. Na mzee, kwa ule mkono mmoja unaotii, alikuwa akiing'oa mmoja mmoja.

"Baba, acha! Nakuomba, acha!"

Kitambaa kikadondoka.

Hapo mgongoni alikuwepo yeye, mzee, na nywele nyeusi alizokuwa nazo zamani, anatazama chini kazini. Na mdomo umekwenda upande.

"Eh!" mama akashika kifua. "Huyu si mume wangu huyu?"

Kibiriti alikaa chini sakafuni kwenye mabaki ya sponji na kulia kwa sauti, kama mtoto. Yote yakamtoka. Jinsi alivyofuta, jinsi mdomo ulivyokataa, jinsi kiharusi kilivyokuja nyuma yake. "Mimi ndiye niliyekupinda mdomo, baba. Nilikuchora hivyo, tukakufungia humo ndani."

Mzee alijivuta na fimbo yake hadi karibu na ile hadibodi, akaiangalia kwa jicho lile lile alilokagulia mishono ya watu. Kisha akaanza kucheka, kicheko chake cha siku hizi, cha nusu mdomo.

"Mimi nikifanya kazi, misumari nilikuwa naweka wapi?"

Kibiriti alifuta kamasi kwa mkono wa gauni. "Mdomoni. Mafundi wote wanaweka mdomoni."

"Shavu gani?"

Kibiriti akatazama ile picha. Shavu la kulia lilikuwa limevimba, limeuvuta mdomo juu kulia. Kisha akamtazama baba yake, ambaye mdomo wake ulikuwa umeshuka kushoto.

"Misumari hiyo, mwanangu. Ulikuwa unanitaka na mdomo wa mezani, wa kula wali, na mimi nilikuwa kazini. Ukafuta, na mkono wako ukairudisha misumari ya watu pale pale. Hujakosea hata kidogo."

"Hata wewe ukishona una shavu hilo hilo," mumewe akasema. "Mimi naliona kila siku."

Kibiriti alisogea. Aligusa lile shavu, na yale manyoya ya kufuta na kufuta. Miaka yote ile alikuwa amekimbia kitu alichokuwa amekipatia. Alitaka kucheka, alitaka kulia tena, na papo hapo akaona sikio la ile picha halijakaa sawa, akaanza kutafuta penseli.

"Wee!" Mzee akamgonga kiatuni kwa fimbo. "Hilo limekwisha. Chukua hadibodi mpya. Nichore wa leo."

Alijiketisha kwenye lile kochi lililochunwa, juu ya mikanda mitupu. Akachota misumari kwenye kopo mikononi mwa mkewe, akaitia mdomoni, shavu la kushoto, lile lililolegea.

"Baba watoto, utameza!" mama akapiga kelele.

"Nasawazisha," mzee akasema kupitia misumari. "Haya, chora."

Kibiriti akapiga moyo konde. Mkono ulianza na paji la uso, ukashuka kwenye macho. Ulipofika mdomoni, mdomo ukaja jinsi ulivyokuwa, umeshuka, umevimba, mkaidi. Akashika kifutio. Akakiangalia. Akakiweka sakafuni na kuendelea mpaka kidevuni.

Mzee alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Haya, weka penseli chini."

"Bado sikio, baba."

"Sikio litaota lenyewe."

Akaweka penseli chini. Kwa mazoea akageuka nyuma kuona nani amesimama na kitambaa. Hapakuwa na mtu. Mama yake alikuwa amekwisha kwenda kutafuta msumari mkubwa wa ukutani.