Mota ya Hita Iliyochukua Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza gerejini Nkubu, foman Mutwiri, msimamizi wa mafundi, alinipa waya mbili na mota ya hita, ile inayosukuma hewa ya moto ndani ya gari. "Gusisha kwa betri. Ikizunguka ni nzima, isipozunguka tupa." Masomo yalikuwa hayo tu. Mimi mwenyewe shule niliiachia darasa la tano.

Baadaye nilifanya kazi Karurumo. Fundi mkuu wa huko, mzee mpole, akanionyesha makosa yetu. Mota iliyokauka grisi ndani huzunguka vizuri mezani, lakini inavuta umeme kupita kiasi. Kwa hivyo unaweka fyuzi katikati, ile inayokatika umeme ukizidi, unaiacha mota izunguke dakika kumi, halafu unaishika. Ikikuchoma, hiyo imekwisha.

Nilirudi Nkubu na ujuzi huo, nikidhani watanishukuru.

Asubuhi moja likaja gari la mfanyabiashara wa Kiirua. Kule ni baridi, bila hita kioo kinajaa ukungu, barabara huioni. Nilipoipima mota yake, fyuzi ilikatika mara tatu. Nikamwambia Mutwiri mota imechoka.

"Profesa wa Karurumo ameongea!" Mafundi wakacheka. "Wee, mwenye gari anangoja. Funga karatasi ya sigara."

Ni ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti. Ukiizungushia fyuzi iliyokatika, umeme unapita tu. Kila gereji ilifanya hivyo. Nikafunga.

Nilikuwa nimelala chini ya dashibodi nikisikiliza mota wakati plastiki iliposhika moto, ikayeyuka, ikanidondokea mkononi. Vidole vitatu vya kulia havikunjiki mpaka leo.

Kirimi, mwenye gereji, akauliza nani alifunga. Mutwiri akaniangalia machoni. "Ni huyu. Na nilimkataza." Mafundi wanne walikuwa wamesikia ukweli. Wote wakainamia kazi zao. Nilifutwa nikiwa bado na bandeji.

Kustaafu kwangu ndiko huko, vijana mnaonisikiliza, na hamsini sijafika.

Juzi Mutwiri alikuja nyumbani. Siku hizi gereji ni yake. Eti nikawafundishe mafundi wake kupima mota.

"Ndugu yangu, ya zamani tuyaache."

"Nitakuja siku utakayowaita wote uwaambie nani aliniamuru nifunge ile karatasi."

Akamaliza chai yangu. "Hiyo ni ngumu, bana."

"Basi wafundishe mwenyewe."

Akanyoosha mkono wa kuniaga. Nikauacha hapo hewani.