Fremu ya Shamsa

Shamsa Hemedi wa Kiegeani alijifunza peke yake kuandika programu za simu. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa programu ya kupimia kamba kochi, wale kamba wakubwa wa miambani: mvuvi anamlaza kamba kwenye kibao, anafungua kamera, na fremu ya kijani inatokea juu ya picha. Kamba asiyeijaza fremu anarudishwa baharini. Ilimchukua miezi saba, katika ofisi ya mradi mmoja pale Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa chao.

Bosi wake, Sadock, aliinakili akaitia jina lake. Shamsa aliyaona hayo kwenye barua ya mwaliko wa uzinduzi.

"Kaka Sadock, jina langu liko wapi?"

"Wewe si ulisaidia kuchapa tu?"

Shamsa alirudi mezani kwake. Alijua kwamba nakala ile ina kasoro. Kwenye simu za bei nafuu, fremu ilichorwa kabla kamera haijamaliza kufunguka, basi picha ikaja juu yake na kuifunika. Yeye aliirekebisha kwenye kompyuta yake siku mbili baada ya Sadock kunakili. Hakumwambia. Wiki nzima akamsalimia kwa tabasamu, akiisubiri siku ya uzinduzi.

Siku ya uzinduzi wavuvi wa Ndagoni walijaa ukumbini. Sadock aliazima simu ya bei nafuu ya Bi Mize, mnunuzi wa kamba, akaitia programu, akafungua kamera juu ya kamba aliyelazwa kibaoni. Kamba alionekana, fremu hakuna. Akazima, akawasha. Hakuna. Shati likamganda mgongoni.

"Shamsa, njoo uitazame."

"Mimi si nilisaidia kuchapa tu, bosi?"

Watu wakacheka. Mgeni kutoka Dar akauliza, "Nani hasa aliyeiandika?"

Sadock akajibu kwa sauti ya chini, "Shamsa."

"Sema kwa sauti," Shamsa akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia.

Ndipo Shamsa akainuka, akaunganisha simu na kompyuta yake, akaweka toleo lake: kamera ifunguke kwanza, fremu ifuate. Mistari ya kijani ikamzunguka kamba. Bi Mize akapiga kigelegele.

Mwezi uliofuata Sadock alihamishiwa bara, na Shamsa akakabidhiwa mradi. Mama yake alimsihi amsamehe, kwani mtu ameshaaibika. "Bado, mama," alijibu. Sadock alipotuma ujumbe wa kuomba radhi, Shamsa aliusoma mara tatu, taratibu, kwa raha zake. Kisha akaufuta, akaenda kunywa chai.