Siku Niliyofika Urgence na Mikono Mizima

Mimi ni fundi wa nguo hapa Buyenzi, na mdomo wangu ni mrefu, kwa hiyo mtanivumilia. Zamani nilikuwa mtu wa kucheka sana. Nilishona magauni ya harusi, na wateja walinifuata hata kutoka Ruziba.

Lakini tangu usichana kulikuwa na kitu ndani yangu kisicho na breki. Mtu akichelewa kupokea simu yangu, tayari nimeachwa. Leo nakupenda kuliko mama mzazi, kesho nakufukuza, keshokutwa nakulilia mlangoni. Kisha unakuja utupu: tumbo baridi, vidole ganzi. Mchumba wangu alipovunja ahadi, nilijiumiza mkono ili nisikie kitu chochote. Nasema bila kupamba.

Dada yangu mkubwa, Zaituni, alinikimbiza urgence, chumba cha dharura cha hospitali, na nikalazwa. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Lazima awe na murwaza, mtu wa nyumbani wa kumlisha, kumwogesha na kumfuatia dawa. Zaituni alikaa ubavuni pangu siku tatu akininywesha uji kwa kijiko. Naona aibu kusema, lakini zilikuwa siku tamu. Hapo ndipo tulipokosea sote wawili. Nikiwa mzima, dada alikuwa na watoto wake na duka lake. Nikitoka damu, dada alikuwa wangu. Sikupanga, ila mwili ulijifunza.

Nikarudi mara ya pili, ya tatu, ya nne. Wauguzi wakanichoka. Mara ya tano mmoja wao alinishona bila kunichoma dawa ya ganzi.

"Si weye mwenyewe unapenda kuumia?" akaniuliza.

Nililowa jasho, nikauma shuka, nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Zaituni alinitoa nje.

"Mi nimechoka, mudogo wangu," akasema. "Mara ingine sitakuja."

Maneno hayo niliyaogopa kuliko sindano. Na mara ya sita kweli hakuja. Nilikaa kwenye benchi peke yangu, kitambaa kimelowa, nimeshaamua kwamba sina mtu duniani. Aliyenipokea ni muuguzi mtu mzima, Mama Espérance. Alinichoma ganzi kwanza, akangoja ikolee, akashona taratibu. Mimi fundi, najua mshono wa mtu anayejali. Hakunikemea wala kunibembeleza. Aliniuliza tu nilisikia nini kabla ya kujiumiza. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza ule utupu.

"Basi ikianza, kuja hapa mbele ya kujiumiza," akasema. "Kuja na mikono mizima. Nitakupokea vilevile."

Akanipeleka kwa daktari wa akili, naye akaupa ugonjwa jina: borderline. Alisema si jini wala si tabia mbaya, ni moyo unaoungua upesi na kupoa polepole, na watu wanapona. Akamwita Zaituni pia, akamwomba awe murwaza wangu nikiwa mzima. Kuanzia hapo, kila Alhamisi mchana, dada aliniletea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, dukani kwangu, niwe nacheka au nimenuna. Tulikula kwa muda wa saa moja, akaondoka. Wiki baada ya wiki nilijifunza kumwona akiondoka na bado nikabaki hai.

Haikunyooka. Nilianguka mara moja zaidi, nikainuka. Kisha Alhamisi moja dada hakutokea, mwanawe ana homa. Utupu ukanijia mchana kweupe, cherehani iko mbele yangu. Nikafunga duka, nikaenda urgence kwa miguu. Wa mapokezi akauliza naumwa wapi.

"Bado," nikamjibu.

Alinitazama kama vile nimekwenda kisimani bila ndoo. Mama Espérance akaja, akakunjua mikono yangu yote miwili, akaikagua, akacheka kwa furaha. Alinipa maji, akanikalisha karibu yake hadi kifua kikatulia. Nilirudi nikipitia mtaa wa Rohero kichwa juu kama bibi harusi. Nilikuwa nimeshinda.

Huu ni mwaka wa tatu, mikono yangu haijashonwa tena. Alhamdulillahi. Wewe unayeungua, nenda kabla hujajiumiza. Nyinyi ndugu, msingoje damu ndipo mpeleke chakula. Nanyi wauguzi, dawa ya ganzi ni haki ya kila ngozi.

Mwezi uliopita Zaituni alipasuliwa tumbo, anaendelea vizuri. Muuguzi alitoka na daftari akiuliza murwaza wake ni nani. Alikuwa yule yule aliyenishona bila ganzi. Akaona makovu yangu, akanitambua, akatazama nyuma yangu kutafuta mtu mwingine. Nikasimama, chupa ya uji mkononi.

"Ni mimi," nikasema. "Andika."