Sweta la Kijani la Mama

Binti yangu alianza kuigiza watu akiwa na miaka minne. Alianza na kuku, akahamia kwa shangazi zake, na alipofika darasa la saba hapakuwa na mtu mzima kijijini kwetu Bukiriro ambaye binti hajawahi kumwigiza. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sipendi kelele. Kwa muda mrefu nililichukulia jambo hilo kama kikohozi: litapita.

Halikupita. Alipomaliza kidato cha nne aliniambia kwamba kikundi cha maigizo cha Mwanza kilimwona akichekesha watu mjini Ngara, na kina nafasi yake. Alitaka ruhusa yangu aende. Nikamwuliza kama kuchekesha watu ni kazi. Akanijibu kwa sauti yangu mwenyewe, na pua akaivuta kwanza kama ninavyoivuta mimi: "Hiyo ni kazi?" Mke wangu alikimbilia jikoni kucheka. Mimi sikucheka.

Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa kitongoji akaja nyumbani. Binti alikuwa amemwigiza kisimani, jinsi anavyofungua mkutano wa kujadili mbuzi wanaokula mihogo ya watu, akisafisha koo mara tatu kabla ya neno la kwanza. Mwenyekiti hakugomba. Alikunywa chai, akasafisha koo mara tatu, akasema mwanangu amemvunjia heshima. Niliona aibu, na kibaya zaidi nilitaka kucheka. Alipoondoka nikamwita binti nikapiga marufuku: hakuna kuigiza mtu tena, na habari ya Mwanza imekwisha.

"Sawa, baba," akasema.

Akanyamaza miezi miwili. Alipalilia maharage pamoja nasi kwa adabu zote, akajibu alipoulizwa, na nyumba ikawa tulivu kama nilivyoamuru. Sikuupenda utulivu huo, lakini sikumwambia mtu.

Aliyenipinga ni mama yangu peke yake. Aliishi Biharamulo, kwenye migomba aliyoiacha baba, na kwa kuwa lugha yake ilikuwa Kisubi, hakuwahi kutofautisha l na r. Alinipigia simu. "Umemfunga mtoto mdomo," akasema. "Sasa atakura na nini?" Nikamwambia haya mambo hayaelewi, na kwamba nina vipindi, nitampigia baadaye. Sikumpigia. Masika hayo akaugua kifua, na hakumaliza wiki.

Kwetu, siku ya kuanua matanga, uwanja ni wa wajukuu. Mjukuu na bibi ni watani. Kwa hiyo mjukuu mmoja huvaa nguo za marehemu, akatoka ndani kwa mwendo wake, akawagombeza waliobaki kama yeye alivyokuwa akiwagombeza. Watu wakishacheka, msiba umekwisha. Wazee walipouliza nani atamvaa bibi, wajukuu wote walimtazama binti yangu, naye akanitazama mimi. Marufuku ilikuwa yangu, na wazee walikuwa wananisubiri. Nikaitikia kwa kichwa.

Alitoka mlangoni na sweta la mama la kijani, lile lenye kifungo kimoja cha shati, mkono kwenye nyonga ya kushoto. Hakuharakisha. Mama alikuwa hasalimii mtu kabla hajamkagua miguu, na binti akakagua miguu. Akamwambia mjomba viatu vyake havijaona brashi tangu Krismasi. Akamwambia jirani arudishe ungo, na kweli jirani alikuwa na ungo wa mama. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akafika mbele yangu, akanitazama miguuni, akapandisha macho taratibu hadi usoni.

Nilijikuta nimesimama. "Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuna baba anayempa binti yake shikamoo. Yeye hakutabasamu wala kubabaika.

"Marahaba," akasema, kwa ile sauti inayochoka kidogo mwishoni. "Umekura?"

"Bado, mama."

"Na mtoto, umemfungua mdomo?"

Nikasema nimemfungua. Nikasema aende Mwanza. Nikasema pia kwamba nilikuwa na nia ya kupiga simu, na hilo halikumchekesha mtu, nikalia mbele ya ukoo mzima kama mtoto wa chekechea. Binti aliniacha nilie. Akaniweka sawa kola ya shati, kama mama alivyozoea, akaenda kwa mtu aliyefuata, maana walikuwa bado wengi. Baadaye nilipolifikiria, niliona kwamba hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Ile ilikuwa kazi, na aliijua.

Jioni nilijaribu kurudi nyuma. Nilimwambia kwamba maneno ya mtu aliyefiwa yasichukuliwe kuwa ahadi. Alikuwa ameshavua sweta na kulikunja.

"Hukuniahidi mimi, baba," akasema.

Wazee waliokuwa karibu wakaitikia kwamba ni kweli, nilimwahidi marehemu, na wao walisikia. Nikaacha kubishana.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza hadi njia panda ya Benaco kusubiri basi. Tulifika mapema mno, kosa langu la siku zote, tukala mahindi ya kuchoma. Basi lilipotokea nikamwomba kwa sauti ya chini aniigizie bibi yake, kidogo tu, aniulize kama nimekula.

Akatikisa kichwa. "Matanga yalishaanuliwa, baba. Bibi ni mara moja."

Akanipa hindi lake lililobaki, akabeba begi. Kwenye ngazi ya basi akageuka, akavuta pua kama ninavyoivuta mimi, halafu akajizuia.

"Na wewe si wangu wa kukuvaa," akasema. "Wewe ni wa mwanangu. Nitamfundisha vizuri."